MWIZI NDANI YA MASHINE, KARANI KIZIMBANI

Zamani mwizi wa mali ya umma alikuwa na nyayo. Alivunja kufuli, au alitoboa ukuta wa ghala, au aliikwaruza tarakimu katika daftari la ushirika kwa wembe na kuandika nyingine juu yake. Mpelelezi alifika asubuhi, akaitazama kufuli, akaupima unyayo, akaliinua daftari mbele ya dirisha ili nuru ipite katika karatasi. Na pale palipokwaruzwa pakajitangaza penyewe. Kazi hiyo ilikuwa ngumu, lakini ilikuwa ni kazi juu ya vitu: chuma, udongo na karatasi.

Leo daftari la ushirika, orodha ya mishahara, akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, hati za mashamba na hesabu za hospitali vyote vimo ndani ya kompyuta. Sisi hatusemi kwamba jambo hilo ni baya. Karani aliyekuwa akipiga hesabu za mwezi mzima kwa kalamu hatamani kuzirudia siku zile. Lakini yatupasa tujiulize swali moja ambalo wafanyakazi hawajaulizwa bado: ikiwa mali ya wananchi imeibwa ndani ya kompyuta, na kompyuta iliyotumika kuiba haina mwili, mpelelezi ataishika nini? Na akikosa cha kushika, ni nani atakayekamatwa?

Swali hili si la kubuni.

KOMPYUTA ISIYO NA MWILI

Iko namna ya kompyuta ambayo wataalamu huiita mashine pepe. Ni programu inayojifanya kompyuta kamili. Ina diski yake, ina kumbukumbu yake, ina saa yake na anwani yake ya mtandao. Lakini ukiitafuta kwa mikono huioni. Diski yake si chuma, bali ni faili moja au chache zilizolala ndani ya diski ya kompyuta ya kweli. Kompyuta ya kweli huitwa mwenyeji, na ile pepe huitwa mgeni. Baina yao yuko msimamizi, yaani programu inayomgawia kila mgeni fungu lake la nguvu za mtambo na kumzuia asiingie katika chumba cha mwenziwe. Mwenyeji mmoja aweza kuwakaribisha wageni kumi, ishirini au zaidi, na kila mgeni akadhani kwamba nyumba yote ni yake.

Jambo hili si geni kama wengi wanavyodhani. Kampuni ya IBM ya Marekani ilikuwa na mfumo wa namna hiyo, CP-40, uliokuwa ukifanya kazi huko Cambridge, Massachusetts, mwaka 1967. Na mwaka 1972 ilitangaza mfumo wa VM/370 kwa wateja wake. Sababu ilikuwa ya uchumi. Mitambo ilikuwa ya bei kubwa mno, na watu waliohitaji kuitumia walikuwa wengi. Basi mtambo mmoja ukafanywa uonekane kuwa mingi. Mwaka 1999 kampuni ya VMware ilileta bidhaa iliyoingia katika kompyuta ndogo za mezani, na mwaka 2006 Amazon ikaanza kuwakodisha watu mashine pepe kwa saa, kama mtu akodishavyo baiskeli. Leo karibu kila kitu kinachoitwa wingu ni majumba makubwa yaliyojaa kompyuta za kweli, na ndani yake wageni wasiohesabika.

Mwaka 1974 wataalamu wawili, Gerald Popek na Robert Goldberg, waliandika masharti ambayo msimamizi lazima ayatimize. La kwanza, programu iliyomo ndani ya mgeni iende kama ambavyo ingekwenda katika mtambo wa kweli. La pili, msimamizi abaki na mamlaka kamili juu ya mali ya mtambo. La tatu, sehemu kubwa ya amri itekelezwe na mtambo wenyewe moja kwa moja, ili kazi isizorote. Msomaji alikumbuke sharti la kwanza, kwa kuwa ndilo chanzo cha neema yote na cha taabu yote. Programu njema iliyomo ndani ya mashine pepe hufanya kazi kama kawaida. Na programu ya mwizi vile vile.

YALIYOTOKEA MWAKA 2020

Mwezi wa Aprili 2020 genge la wavamizi lililotumia programu iitwayo Ragnar Locker liliishambulia kampuni ya umeme ya Ureno, Energias de Portugal. Walijigamba kwamba wamechukua terabaiti 10 za siri za kampuni, wakadai fidia ya bitikoini 1,580, ambazo kwa bei ya siku zile zilikuwa karibu dola milioni 11.

Mwezi uliofuata wachunguzi wa kampuni ya Sophos ya Uingereza walieleza hila mpya ya genge lile lile, waliyoikuta katika shambulio jingine. Wavamizi walikuwa wamekwisha kuingia katika mtandao wa kampuni na kushika madaraka ya wasimamizi wake. Kisha wakasambaza kifurushi cha megabaiti 122. Ndani yake mlikuwamo VirtualBox, programu halali ya kampuni ya Oracle ambayo wanafunzi na wahandisi huitumia duniani kote, katika toleo la zamani la mwaka 2009. Pamoja nayo ilikuwamo diski pepe ya megabaiti 282 yenye Windows XP iliyopunguzwa. Na ndani ya Windows hiyo ndimo ilimofichwa programu ya uharibifu yenyewe, yenye ukubwa wa kilobaiti 49 tu. Ni kama mtu aliyejenga nyumba nzima ili apate mahali pa kuficha sindano.

Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu kompyuta za kampuni zilikuwa na walinzi, yaani programu za kuzuia maradhi ya kompyuta. Mlinzi hukagua kila programu inayopita mlangoni. Lakini mlinzi wa mwenyeji haoni yanayotendeka chumbani mwa mgeni. Wavamizi walizifungua diski za mwenyeji ili mgeni azifikie kama makabati ya pamoja. Kisha programu iliyomo ndani ya mgeni ikazifunga faili za kampuni kwa ufunguo wa siri, moja baada ya moja. Mlinzi aliona tu kwamba VirtualBox, programu halali, inafungua na kuandika faili. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwezi wa Septemba mwaka huo huo genge jingine, la Maze, lilionekana likitumia hila hiyo hiyo. Na mwezi wa Februari 2023 mchezo uligeuzwa. Wavamizi waliyashambulia mashina yenyewe, yaani seva za ESXi zinazokaribisha wageni wengi, katika Ufaransa na nchi nyingine, wakazifunga faili ambazo ndizo diski za mashine pepe. Kwa kadiri ilivyoonekana waliingia kwa tundu ambalo dawa yake ilikwisha kutolewa tangu Februari 2021, lakini wenye mitambo hawakuitia. Anayemteka mwenyeji huwateka wageni wote kwa mkupuo mmoja.

TAABU YA MPELELEZI

Tuitazame sasa kazi ya mpelelezi. Kanuni aliyofundishwa ilikuwa nyepesi kueleza. Iko kompyuta; ichukue. Toa diski, ifanyie nakala kamili bila kuigusa asili, kisha piga hesabu ya nakala hiyo kwa kanuni maalum, upate tarakimu ndefu iliyo kama alama ya kidole. Herufi moja ikibadilishwa katika faili, alama yote hubadilika. Mbele ya hakimu mpelelezi asema: hii ndiyo alama ya siku tulipoichukua, na hii ndiyo alama ya leo, ni moja. Hapo ushahidi umesimama.

Mashine pepe yaivuruga kanuni hii kwa njia nyingi, na zilizo kubwa ni hizi.

Kwanza, kompyuta nzima ya mhalifu ni faili. Mtu aweza kuitia katika kijiti cha USB, kuipeleka kwa mtandao, au kuifuta kwa kubofya mara mbili. Katika ulimwengu wa vyuma, mwizi alilazimika kuitupa kompyuta baharini. Leo hatoki kitini.

Pili, mashine pepe inaweza kurudishwa nyuma. Mwenyewe huweka picha ya hali yake ya saa fulani, kisha hufanya apendalo, na akimaliza huiamuru irudi katika picha ile. Yote yaliyotendwa baadaye hutoweka machoni kana kwamba hayakutendwa. Kuna hata mpango wa kuiamuru mashine isahau kila kitu izimwapo. Walimu wa kompyuta hupenda mpango huo, maana wanafunzi hawawezi kuharibu kitu; mwizi naye hupenda, kwa sababu yake.

Tatu, saa ya mgeni si ya kutegemewa. Mgeni aliyelazwa Jumatatu na kuamshwa Alhamisi aweza kuamka akidhani bado ni Jumatatu, hata atakapoambiwa saa upya. Basi mpelelezi akipanga matukio kwa saa ya mgeni bila kuilinganisha na ya mwenyeji, hadithi yake yote itakwenda upande.

Nne, mashine pepe ina nakala pacha. Ukiinakili, nakala yatoka na jina lile lile, maneno ya siri yale yale na funguo zile zile zilizohifadhiwa ndani yake. Hata namba ya kadi ya mtandao, ambayo katika chuma hutiwa kiwandani, katika mashine pepe huchaguliwa na programu au na mtu mwenyewe. Mwenye pacha akiingia katika hazina, kitabu cha mlinzi kitaandika jina la asili.

Tano, wageni wengi huishi nyumba moja. Kama mashine pepe ya mshitakiwa imo katika seva ya kampuni ya wingu pamoja na mashine za hospitali, za benki na za watu wasiohusika, polisi hawawezi kuibeba seva hiyo mabegani. Wakiichukua wataifunga hospitali. Wakiinakili yote watachungulia siri za wasio na hatia. Hubaki kumwomba mwenye seva awape sehemu inayohusika. Na hapo mpelelezi wa dola amekuwa mwombaji kwa tajiri, akitegemea neno la tajiri kwamba alichopewa ndicho chote kilichokuwako.

Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, ilichapa mwaka 2020 taarifa juu ya uchunguzi wa jinai katika wingu, nayo ikaorodhesha matatizo mengi. Ikiwa nchi yenye mitambo mingi hivyo yakiri matatizo hayo, sisi tusione haya kukiri kwamba kazi ni kubwa.

NYAYO BADO ZIPO

Lakini tusiwape wezi sifa wasiyostahili. Mgeni akiondoka, mwenyeji hubaki na alama. Programu ya msimamizi huandika daftari lake: mashine ipi iliwashwa, saa ngapi, na kwa diski ipi. Mfumo wa mwenyeji huandika kwamba programu fulani iliwekwa na kuendeshwa. Faili iliyofutwa mara nyingi huacha mabaki katika diski mpaka iandikiwe juu yake. Picha za hali ambazo mwizi alizisahau huwa ni ushahidi wa siku zilizopita, zimehifadhiwa vizuri kuliko mpelelezi ambavyo angeweza kuzihifadhi yeye.

Isitoshe, mashine pepe humpa mpelelezi fursa ambayo chuma hakikumpa. Kompyuta ya kawaida ikizimwa, yaliyomo katika kumbukumbu yake ya muda hupotea, na huenda ndiyo yaliyokuwa na ufunguo wa siri. Lakini mgeni aweza kulazwa palepale, na kumbukumbu yake yote ikaandikwa katika faili, kama mtu aliyegandishwa hali neno lingali mdomoni. Mpelelezi hodari atafanya hivyo. Mpelelezi mwenye haraka atavuta waya ukutani, na ushahidi utakufa mikononi mwake. Haraka haraka haina baraka.

Na magenge hayakukwepa milele. Mwezi wa Oktoba 2023 polisi wa nchi 11, wakishirikiana na Europol, walimkamata mtu mmoja huko Paris waliyemtaja kuwa mlengwa mkuu wa Ragnar Locker, na kuzitwaa seva za genge hilo katika Uholanzi, Ujerumani na Sweden. Ilichukua zaidi ya miaka mitatu, na ilihitaji nchi nyingi. Hakuna nchi ambayo ingeyafanya hayo peke yake.

SHERIA NA MIPAKA

Hapo ndipo tunapofika kwenye suala la mipaka. Mwezi wa Desemba 2013 serikali ya Marekani iliidai kampuni ya Microsoft barua za mteja zilizokuwa katika seva za Dublin, Ireland. Microsoft ikakataa. Mwaka 2016 mahakama ya rufani ya New York iliipa ushindi kampuni. Mwezi wa Machi 2018 Marekani ikatunga sheria mpya, ya kuyalazimisha makampuni yake kutoa habari popote zilipowekwa duniani, na mwezi uliofuata Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikalifunga shauri. Miaka zaidi ya minne, baina ya serikali yenye nguvu na kampuni iliyo ndani ya mikono yake! Je, mpelelezi wa wilaya katika nchi yetu, ambaye kampuni imo nje ya mikono yake, atangoja muda gani?

Umoja wa Afrika ulipitisha mapatano yake juu ya usalama wa mitandao huko Malabo mwezi wa Juni 2014. Yalianza kutumika Juni 2023, miaka tisa baadaye, yalipotimia mataifa 15 yaliyoyaridhia. Wezi hawakungoja miaka tisa.

KARANI KIZIMBANI

Sasa turudi kwa mfanyakazi, maana kwa ajili yake ndiyo tumeandika yote haya. Tuseme fedha za mishahara zimetoweka. Daftari la mtambo laonyesha kwamba karani fulani aliingia saa mbili usiku kwa neno lake la siri, kutoka kompyuta yake. Mkuu wa ofisi asema: kompyuta haisemi uongo. Je, nani atakayeuliza kama ilikuwako mashine pepe iliyopandwa ndani ya kompyuta ile? Nani atakayeuliza kama pacha ya mashine yake ilichukuliwa na mwenye madaraka ya usimamizi? Karani hajui hata kwamba maswali hayo yanaulizika.

Uingereza ilitupa somo chungu, ingawa kesi zake hazikuhusu mashine pepe. Kati ya mwaka 1999 na 2015 mamia ya mawakala wa posta walishitakiwa kwa wizi na udanganyifu kwa sababu mfumo wa hesabu uitwao Horizon ulionyesha upungufu wa fedha. Zaidi ya watu 900 walihukumiwa. Wako waliofungwa, wako waliofilisika, wako waliokufa kabla ya kusafishwa majina yao. Mwezi wa Desemba 2019 mahakama ilithibitisha kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kuzifuta hukumu hizo. Nayo nchi hiyo ilikuwa na kifungu, tangu mwaka 1984, kilichomtaka mwendesha mashitaka athibitishe kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Kifungu hicho kilifutwa kwa sheria ya mwaka 1999, na baada yake ikachukuliwa kuwa mtambo ni mzima mpaka mshitakiwa aonyeshe vingine. Mnyonge ataonyesha vipi, na mtambo uko mikononi mwa anayemshitaki?

Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ambayo katika kifungu cha 18 yakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini yaiambia mahakama ipime jinsi habari ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa, na jinsi mwenye kuitoa alivyotambuliwa. Maneno hayo ni ya haki. Lakini sheria ni kama jembe: halilimi lenyewe.

YATUPASAYO

Kwa hiyo sisi tunasema haya. Polisi wa upelelezi wafundishwe kutozima mtambo kabla ya kujua kama una mgeni ndani. Hati za upekuzi zitaje waziwazi faili za mashine pepe, picha zake za hali, na madaftari ya mwenyeji. Amri ya kuzuia ushahidi usifutwe ipelekwe kwa mwenye seva siku ile ile ya kosa, maana madaftari hayatunzwi milele.

Mashirika ya umma yanayokodi wingu yasitie sahihi mkataba usioeleza habari za wananchi zinalala nchi gani, madaftari yatunzwa kwa siku ngapi, na yatatolewa kwa amri ya nani. Daftari la matukio lipelekwe mahali pengine, chini ya ufunguo wa mtu mwingine. Haifai mwenye kulindwa awe ndiye mwenye kitabu cha mlinzi.

Na zaidi ya yote, mfanyakazi anayeshitakiwa kwa ushahidi wa kompyuta apewe nakala ile ile iliyo mikononi mwa mashitaka, pamoja na mtaalamu asiye wa mwajiri wa kuichunguza. Vyama vya wafanyakazi vilidai, na vikapata, haki ya mfanyakazi kusikilizwa kabla ya kufukuzwa. Kudai haki hii ni kuendelea na kazi hiyo hiyo.

Wanachama walizungumze jambo hili matawini, na katika mikutano ya kazini. Asiyejua kompyuta amuulize ajuaye, na ajuaye asijivune. Mwizi wa mali ya umma lazima apatikane, hata akijificha ndani ya mashine iliyo ndani ya mashine. Lakini apatikane yeye, wala si karani aliyekuwa amelala nyumbani kwake wakati jina lake lilipokuwa likiandikwa katika daftari la mtambo.